Miguu Ikiuma Siku ya Pili, Usikimbilie Dawa ya Malaria!

Huku Kigonsera poa tu, baridi ndiyo inatuchapa. Leo nina la miguu, na nyie wa mjini mnaogombea vyuma vya jimu na kukimbia Jumapili asubuhi, hili ni lenu pia. Mtu anaanza mazoezi ya miguu Jumatatu, Jumanne anatamba kijiweni, Jumatano anashuka ngazi ubavu ubavu kama kaa. Ijumaa ameacha kabisa, eti mazoezi yamemharibu. Kweli yamemharibu?

Mwenzenu nimelijua hili kwa sababu ya bi mkubwa. Magoti yalikuwa yanamtesa, na shamba letu la kahawa liko mlimani. Milima ya Umatengo si ya mchezo. Ndiyo maana wazee wetu walibuni ngoro, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isizoe udongo. Kahawa hiyo ndiyo inayomnunulia mdogo wangu sare na madaftari. Mama asipopanda mlima tumekwisha, na maneno ya kulikodisha shamba yalishaanza kusemwa pale nyumbani.

Huko hospitali, mtaalamu wa viungo alimwambia magoti yanasagika, na dawa yake kubwa ni kuyapa mapaja nguvu. Akae kwenye stuli, asimame, kisha akae tena polepole akihesabu hadi tatu. Mara kumi, apumzike, mizunguko mitatu. Leo afanye, kesho apumzike. Nikaamua kufanya naye ili majirani wakicheka watucheke wote. Yeye na stuli yake, mie na kichurachura kama tulivyokuwa tukiadhibiwa shuleni.

Basi bwana, siku ya pili usiombe! Choo chetu ni kile cha kuchuchumaa. Kijana mzima wa miaka ishirini na kitu nikawa nimeng'ang'ania ukuta kama babu wa miaka tisini. Mama naye mapaja yamekaza, kitandani hainuki. Jirani akaja na hukumu yake: "Hiyo malaria, imeingia kwenye mifupa." Kwenye duka moja la dawa muuzaji hakuuliza wala hakupima, akafungasha dawa mseto. Mama alishaanza kufungua fundo la kanga kutoa hela.

Nikasema, "Mama, tukapime kwanza." Zahanati wakamtoboa kidole. Malaria hakuna, homa hakuna.

Sasa kilikuwa nini? Pale kijiweni wataalamu wa mdomo husema ni tindikali imejikusanya kwenye misuli. Si kweli. Tindikali hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, lakini maumivu haya huanza baada ya saa 12 hadi 24, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alishaandika kwamba yanatokana na michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe.

Na kinachochana zaidi ni kushuka, si kupanda. Unapokaa polepole kwenye stuli, misuli ya mapaja inarefuka huku imebeba uzito wako, kama breki za lori linaloteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Mwili ukishaziba michaniko hiyo, msuli unakuwa sugu. Zoezi lile lile mara ya pili haliumi kama mara ya kwanza.

Lakini nenda kamwambie hayo mama yako! Wangu aliisukuma stuli kwa mguu: "We mtoto, niache na magoti yangu. Nilikuwa naumwa pawili, sasa naumwa mwili mzima."

Nikamuuliza, "Mama, kila mwaka ukianza kulima ngoro, wiki ya kwanza unalalaje?"

Akanyamaza. "Kama nimepigwa."

"Na wiki ya pili?"

Hakujibu. Jioni nikamkuta ameivuta stuli mwenyewe.

Sasa wewe ufanyeje? Usilale siku nzima. Tembea kidogo kidogo, damu izunguke. Maji ya uvuguvugu na kukandwa taratibu kunatuliza. Kujinyoosha ni sawa, ila usitegemee kutaondoa maumivu. Zoezi zito lisubiri mpaka msuli upoe, kisha rudi na kiasi kile kile ukiongeza pole pole. Vidonge vya maumivu visiwe karanga, maana vingine vinachubua tumbo na kuumiza figo.

Ila kuna maumivu ya kutofanyia utani. Mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, misuli ikavimba na kuishiwa nguvu, wahi hospitali siku hiyo hiyo, figo ziko hatarini. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kupata moto, wahi. Goti likivimba, au likiuma kwa ndani kama linachomwa, simamisha mazoezi ukaonwe. Na ukiwa na homa, kapime malaria. Usipimwe kwa macho na muuza duka.

Mavuno yalipoanza bi mkubwa alikuwa mlimani na sisi, polepole, fimbo mkononi, akituzidi kwa kuchuma. Magoti bado yanalalamika siku za baridi, lakini habari ya kukodisha shamba haisemwi tena. Stuli iko pale pale mlangoni, na mgeni akitaka kuikalia anaambiwa atafute kiti kingine, hiyo ni dawa ya mtu.

Haya, tuonane wiki ijayo. Mnaoanza mazoezi Jumatatu, nawaombea Jumatano njema!