Namba Niliyoisahau

Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwa kamera, ili lisimpate mwingine.

Hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili yetu wakimbizi kutoka Kongo, mjomba wangu ni mpiga picha. Kamera yake ni Pentax K100D, ya toleo la mwaka 2006. Ndani yake mna kibao kinachopokea picha, nacho husogea chenyewe ili kutuliza mtikisiko wa mikono. Lakini lenzi yake ni ya zamani, ya milimita 80 hadi 200, ya kuvutwa kwa mkono, wala haina njia ya kuiambia kamera imevutwa kiasi gani. Kwa hiyo kila ukiiwasha, kamera hukuuliza namba hiyo, nawe huichagua mwenyewe.

Asubuhi moja ya mawingu nyanya yangu alikuwa akirudi kwetu Pweto. Mjomba akanipa kamera. Nikasimama mbali, nikavuta lenzi hadi 200, nikachagua 200, nikapiga picha za magari. Kisha nyanya akaja karibu kuniaga. Nikairudisha lenzi hadi 80, nikampiga picha nne. Namba sikuikumbuka.

Jioni tukazitazama. Magari yalionekana safi kabisa. Nyanya alikuwa kama mtu aliye nyuma ya moshi, katika picha zote nne.

Nikasema, "Mjomba, kamera yako imezeeka."

Akajibu, "Sivyo, mwanangu. Imekutii." Akachukua kalamu.

Mikono ikitikisika kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, taswira katika lenzi iliyovutwa hadi 200 huhama kama milimita 0.35, katika 80 huhama 0.14 tu. Kamera ilidhani lenzi iko 200, ikasogeza kibao 0.35. Basi ikapita kiasi kwa 0.21, hali mbaya kuliko kama ningaliizima ile nguvu ya kutuliza. Lakini ningaliweka 80 na lenzi ikawa 200, ingalirekebisha 0.14 na kubakiza 0.21. Hiyo ni pungufu, lakini ni afadhali kuliko 0.35 nzima.

Tangu siku hiyo nafuata mambo matatu. Kwanza, kila nikivuta lenzi nabadilisha namba. Pili, nikikosa nafasi naweka namba ndogo ya lenzi, maana dawa pungufu husaidia kidogo, lakini iliyozidi hudhuru. Tatu, nakumbuka kwamba kamera hutuliza mikono yangu tu. Haimtulizi mtoto anayekimbia, wala mtumbwi unaopita Ziwa Mweru.

Pweto iko mwisho wa kaskazini wa ziwa hilo hilo, lakini kwetu sisi ni mbali. Nyumbani hatuna picha nyingine ya nyanya. Mama ameitundika ukutani ile iliyo afadhali, na wageni huuliza ni nani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wake nimeyaona.