Nilifaulu Virusi, Kuku wa Bibi Wakafa

Wiki iliyopita nilikuwa Mwankoko, pale nje kidogo ya mji wa Singida, kumsalimia Bibi. Nimerudi Dar na jambo linanikereketa rohoni, bora nilitoe.

Wengi mnanijua kwa habari ninazoandika. Wachache mnajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilisomea mambo ya mifugo chuo kikuu, na mwaka wa pili tulikuwa na somo la utangulizi wa virusi. Jamani, lile somo! Siku ya kwanza tu mhadhiri anauliza: kirusi kiko hai au hakiko hai? Ukumbi mzima kimya. Nje ya seli hakili, hakipumui, hakizaani. Kikishaingia ndani, kinaigeuza seli kuwa kiwanda chake. Halafu ukaja mpangilio wa David Baltimore, unaogawa virusi katika makundi 7 kwa jinsi kila kimoja kinavyopata RNA ya kutengenezea protini. Tulikesha tukikariri, chai ya rangi mkononi.

Mimi kilichonivutia ni kirusi cha ugonjwa wa Newcastle. Jina limetokana na mji wa Uingereza ambako ugonjwa huo ulizuka mwaka 1926. Ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 15,000, na ni ndugu wa virusi vya surua na matumbwitumbwi. Utamu uko kwenye protini yake moja ya juu, iitwayo F. Ili kirusi kiweze kuingia kwenye seli, lazima F ikatwe kwanza na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Kwa aina isiyo kali, vimeng'enya vinavyoweza kuikata viko kwenye njia ya hewa na utumbo tu, basi kuku anaugua kidogo au haugui kabisa. Kwa aina kali, vinavyoikata viko karibu kila mahali mwilini. Tofauti ni asidi amino chache tu! Kwenye mtihani nilichora kila kitu, nikapata A.

Muhula huohuo Bibi akapiga simu.

"Mjukuu wangu, kuku wameisha."

Walikuwa 40 na kitu, wakabaki 3. Kinyesi cha kijani, mabawa chini, shingo zimepinda. "Ni mdondo," akasema, "huja na upepo wa kiangazi." Nikampa pole, nikarudi kwenye daftari langu.

Wadau, mdondo NDIO Newcastle. Wengine huuita kideri. Ugonjwa nilioujua kwa Kiingereza mpaka herufi zake, sikuutambua ulipotajwa na Bibi kwa Kiswahili. Na kuku wale ndio waliokuwa wakinisomesha! Kila chuo kilipofunguliwa, majogoo kadhaa yaliingia kwenye tenga kwenda sokoni, nami nikatumiwa pesa.

Kinachouma zaidi, mdondo hauna tiba ila chanjo ipo. Inaitwa I-2. Mbegu yake ilitoka Australia, na imekuwa ikitengenezwa hapahapa nchini. Ni kirusi hai kisicho kali, tena kinachostahimili joto, ndiyo maana inafaa vijijini kusiko na majokofu. Tone moja jichoni, kuku wakiwa bado wazima, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Basi!

Kwa hiyo safari hii nilikwenda Mwankoko nikiwa nimejiandaa. Baada ya shikamoo na marahaba nikamkalisha Bibi, nikaanza somo: kirusi, protini, chanjo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mama wa jirani huja kuwadondoshea kila miezi mitatu. Mwaka wa nne huu. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikatazama uani. Kuku wamejaa, vifaranga wanapita miguuni pangu.

Nilikuwa darasani, Bibi.