Pemba Pesa Haisubiri Tarehe 25: Dada wa Wete na Stetasi Zake

Jamani, tangazo linalouza vizuri Kariakoo linaweza kufa kifo kibaya Wete, na si kwamba Wapemba hawapendi kupendeza. Wanapenda mno. Shida ni kalenda.

Kuna dada mmoja wa pale Wete, jina libaki kwake, miaka 24, kamaliza skuli kidato cha nne na hakuendelea. Anauza madera, mitandio na mabaibui kwa WhatsApp. Mzigo anauchukua kwa mkopo kwa kaka mmoja wa Kariakoo, na maneno alikuwa anayatoa huko huko: "Mshahara umeingia, mrembo unasubiri nini?" "Zimebaki 3 tu, ukichelewa ulie." Anakopi, anabandika, anamalizia na vimoto vitatu.

Sasa Dar maneno hayo yana maana. Wete mshahara ni wa walimu, manesi na wachache wa maofisini. Waliobaki pesa yao inatoka mtini au baharini. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, mnunuzi ni ZSTC, kwa bei inayotangazwa na Serikali. Lakini kuchuma peke yake hakukupi pesa. Unachuma, usiku mnakaa kuchambua makonyo, unaanika juani siku kadhaa, ndipo unapeleka kituoni kupimwa. Zikipoteza rangi, daraja linashuka na bei nayo inashuka. Mvua ikikukuta katikati hapo, kazi unayo.

Msimu mmoja mvua ikashika kweli kweli. Dada kaamka asubuhi kaandika: "Msimu wa karafuu huu, pesa ipo, usijibanie! Wahi dera lako." Wakaangalia wengi, akajibu mmoja tu, mama mmoja wa Konde, kwa sauti:

"Mwanangu, karafuu zangu leo siku ya tatu zimo ndani, zimeanza kunuka uvundo. Hiyo pesa ilipo nionyeshe, na mie nikaichukue."

Halafu kicheko kifupi, kile cha mtu asiyecheka.

Mwingine angemblock. Huyu aliirudia ile sauti mpaka akaikariri, na huku deni la Kariakoo linasoma laki 4 na nusu.

Alichobadilisha kwanza si maneno. Alianza kujiuliza, huyu mtu saa hizi yuko wapi na mkononi kashika nini? Orodha yake moja ya wateja akaivunja tatu. Walimu na manesi anawaandikia mshahara ukikaribia. Wa karafuu, anaangalia mbingu kwanza. Akina mama wa mwani, anaangalia mwezi, maana wakati wa bamvua maji yakitoka wote wako pwani kwenye kamba zao, na mwani wenyewe unataka kama wiki 6 mpaka uvunwe. Kumtumia picha ya dera mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti, simu kaiacha nyumbani, ni kuchoma bando.

Mvua ilipokatika akaandika hivi: "Jua limetoka, kila mtu yuko kwenye majamvi yake. Mungu azikaushe vizuri. Leo siuzi. Mkishapima, mie nipo. Lile dera la kijani ni 18,000, anayelitaka aseme nimuwekee, haraka hakuna."

Hakuna "wahi", hakuna vimoto. Na bei ipo! (Nyie wa "bei njoo inbox", hapa mpo?) Watu wengi wana haya ya kuuliza bei halafu warudi nyuma. Ukiitaja mwanzo umemsitiri. Yule mama wa Konde ndiye aliyejibu wa kwanza: "Niwekee mie."

Na wala si ujanja mpya pwani hii. Kanga zinauzwa kwa maneno toka enzi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ile ya "Mali ya Abdulla", ni biashara ya tangu 1887. Mwanamke hachagui ua peke yake, anachagua jina linalosema hali yake, awe anakwenda harusini au ana neno na jirani. Muuzaji mzuri wa kanga anakusoma uso kabla hajakunjua doti.

Ila kujua pesa ya mtu itaingia lini ni silaha pia. Wateja walianza kusema wenyewe: "Niandikie, nitalipa karafuu zikitoka." Shoga yake akamwambia, "Kubali, tena ongeza 5,000 juu, nani atajua?" Bibi yake akakataa katakata. Deni la karafuu Pemba lina historia. Miaka ya 1930 wenye mashamba walizama kwenye madeni mpaka Serikali ya kikoloni ikatunga sheria, mwaka 1934, kuzuia mashamba yasichukuliwe na wakopeshaji. Dera si shamba, sawa, lakini mazoea huanza hivyo hivyo. Dada akashika msimamo: kuweka anaweka, kukopesha hakopeshi. Wateja kadhaa wakahamia kwa muuzaji mwingine anayekopesha. Iliuma, na wengine mpaka leo hawajarudi.

Akabaki kaka wa Kariakoo, na ujumbe wake ule ule: "Dada, mwisho wa mwezi huu." Zamani alikuwa anamjibu "kesho, inshallah". Safari hii alimtumia picha ya jamvi lililojaa na maneno: "Kaka, pesa ya wateja wangu ndiyo hii, inakauka. Waliokwishapima wamenipa laki 1 na 60, nakutumia leo. Iliyobaki ni jua tu likubali."

Akakaa saa nzima ndiyo akajibu. "Kumbe karafuu inaanikwa? Mimi nilijua inaota hivyo hivyo imekauka."

Kisha ikaingia nyingine: "Tuma hiyo laki na 60. Ila msimu ukiisha sitaki picha."