Namba ya Padri Mersenne

Anza na moja, uizidishe kwa mbili: wapata 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Ukiendelea vile hata mara 67, halafu ukaondoa moja, utapata namba hii: 147.573.952.589.676.412.927.

Padri Marin Mersenne alikuwa mtawa wa shirika la Waminimi, wana wa Mtakatifu Fransisko wa Paola. Alikaa katika konventi kule Paris, akaandikiana barua na wenye elimu wa Ulaya. Mwaka wa 1644 alichapisha kitabu, na ndani yake akataja namba za namna hii ambazo, kwa maoni yake, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Walimu huziita namba tasa. Hii ya 67 ilikuwamo.

Jambo lenyewe ni gumu. Ukizidisha mara 3, au 5, au 7, na kuondoa moja, wapata 7, 31 na 127, zote tasa. Lakini mara 11 inatoa 2.047, nayo ni 23 mara 89.

Basi neno la Padri likakaa miaka 232. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba ile kubwa si tasa, bali hakuweza kusema yagawanyika kwa nini. (Ajabu kweli: kujua kwamba mlango upo bila kuuona!) Mwaka wa 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akaandika ubaoni mbele ya wenzake: 193.707.721 mara 761.838.257.287. Hakujaribu namba zote za dunia, maana kila namba iwezayo kuigawanya ile kubwa, ukiitoa moja, lazima igawanyike kwa 134. Mwenye kalamu na ajaribu na 193.707.720: atapata 1.445.580, pasipo baki.

Mwalimu mmoja hakupenda niwaeleze watoto habari hii. Alisema itawapunguzia heshima yao kwa mapadri. Mimi sikukubali. Imani hatukuipokea kwa hesabu za Padri Mersenne, tena yeye mwenyewe alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 kungewashinda watu hata wakipewa muda wote. Mtoto akifichwa kosa la hesabu, siku atakapoligundua mahali pengine atauliza tumemficha nini tena. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa.

Nikawaeleza. Hawakushangaa hata kidogo kwamba padri alikosa. Walishangaa neno jingine, kwa kuwa inasimuliwa kwamba Bwana Cole aliifanya kazi ile siku za dominika, muda wa miaka mitatu. Je, hakuvunja amri? Nikawajibu kwamba katekisimu ya wazee wetu ilikataza kazi za kitumwa, na kalamu si jembe. Wengi waliridhika. Mmoja akauliza kama alikwenda kwanza kwenye Misa.