NYIMBO TANO TU, MPWA WANGU!

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi naongezea hapo hapo: mchagua nyimbo si mpiga gitaa. Usinicheke, msomaji wangu. Mchaguaji huyo nilikuwa mimi mwenyewe, na gharama yake naiona mpaka leo.

Mwaka 2019 niliteremka kwenye basi pale Mikese nikiwa na gitaa la kuazima mgongoni na daftari lenye orodha ya nyimbo 43. Kwa wasiopajua, Mikese ni pale kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ukiwa umebakiza kama kilomita 30 kuingia Morogoro mjini. Malori yananguruma usiku na mchana, reli nayo inapita, na ukiinua macho unaiona Milima ya Uluguru imejifunika wingu kama mzee aliyejitanda blanketi.

Aliyenituma ni mama. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, alikuwa amepata kiharusi na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumtumia vocha na kumsalimia kwenye simu basi yakaisha. Mjomba ndiye mwenye neno. Mama alisema nenda, nikaenda. Isitoshe, Dar nilikuwa sina kazi yoyote zaidi ya kukaa kijiweni.

Sasa mjomba huyu, miaka ya 1970, alikuwa mpiga ridhimu katika bendi ndogo mjini Morogoro. Jina la bendi alinikataza kulitaja, akidai kuna watu bado wanawadai. Mimi nilikuwa nimeanza gitaa mwaka mmoja nyuma, najifunza kwenye simu, na kila nikisikia wimbo mtamu nauandika kwenye daftari. Orodha ikawa ndefu kuliko ya msimamizi wa mirathi.

Wiki ya pili tu jirani akaoza binti. Wakasikia kuna kijana wa Dar mwenye gitaa, wakaniwekea kiti. Kwa kujidai kwangu nikafungua na solo ya "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Hebu fikiria mwenyewe: watu wako harusini, wamependeza, pilau linanukia, mimi nawaanzishia "Shida"! Lakini jina halikuwa tatizo, maana Morogoro wimbo ule ni wa nyumbani. Tatizo ni kwamba nilijua solo tu, tena vipande vipande. Mama mmoja akaanza kuimba, nikashindwa kumfuata. Akanyamaza. Wa pili akajaribu, naye akanyamaza. Mara watu wakarudi kwenye sahani zao, na mshkaji mmoja akapaza sauti, "Washeni redio, bwana!"

Noma. Nilikula kona kupitia nyuma ya banda la kuku.

Usiku ule mjomba aliniita barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leta hilo daftari lako."

Akalisoma taratibu, taa ya mkaza mjomba ikiwa karibu na pua yake. Kisha akaniuliza, "Katika hizi 43, ngapi unaweza kupiga mwanzo mpaka mwisho huku mtu mwingine anaimba?"

Nikahesabu moyoni. Hata moja.

"Basi hizi si nyimbo, ni majina ya nyimbo," akasema. Akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, akapiga mstari ukurasa mzima. "Nyimbo tano tu, mpwa wangu. Ukizijua tano sawasawa, hakuna kikao utakachokosa kiti."

Wa kwanza akaniandikia "Malaika". Nikakunja uso, wimbo gani huo wa watoto wa shule! Aliurekodi Fadhili William wa Kenya, watu wakagombana miaka na miaka nani hasa mtunzi, na Miriam Makeba akautembeza duniani. Mjomba akasema ugomvi wao haunihusu. Kinachonihusu ni kodi. Si ile ya mwenye nyumba, ndugu msomaji. Kodi ni vidole kadhaa kukaa kwenye nyuzi kwa wakati mmoja ili zilie pamoja. "Malaika" ni wimbo wa polepole, unakupa nafasi ya kuhamisha vidole bila kuvitazama. Na kila mtu anaujua, hivyo ukikosea watu watakubeba.

Wa pili, "Ngoma Iko Huku" wa Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba. Mzee yule wa Morogoro alipenda santuri za Kikuba mpaka bendi yake ikabeba jina la huko. Wimbo huu ni darasa la mkono wa kulia. "Mkono wa kushoto unasema nini, wa kulia unasema lini," mjomba alinieleza. Mwezi mzima alinipigisha ridhimu tupu, na nikiongeza madoido ananigonga goti kwa bakora.

Wa tatu ukatuvusha mpaka Katanga: "Masanga" wa Jean Bosco Mwenda, uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi. Huyu bwana alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, ukasikia magitaa mawili. Gumba linatembea na besi, shahada inacheza juu. Vidole vyangu viligombana kama wake wenza. Mjomba alisema nikiuweza huo nitaweza kukaa peke yangu bila bendi na nisionekane mpweke.

Wa nne ukawa ule ule "Shida". "Lakini safari hii," akasema, "utajifunza gitaa linavyomjibu mwimbaji. Mbaraka hakupiga solo ili aonekane. Anaimba, anangoja, gitaa linamwitikia."

"Na wa tano?"

"Wa tano subiri."

Kwa kuwa mkono wake ulikuwa umelala, tulibuni namna yetu ya kufundishana. Gitaa linalala mapajani mwake, mimi nakaa kushoto kwake mkekani, vidole vyangu ndivyo vinabana nyuzi shingoni, mkono wake wa kulia ndio unapiga. Watu wawili, gitaa moja. Mwanzoni tulikuwa vichekesho, majirani walikuja kutuangalia. Lakini jioni moja tulipiga "Ngoma Iko Huku" wote bila kukwama, na mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi, anacheza. Mjomba hakusema kitu. Alinipa gitaa, akageuza uso upande wa barabarani, akawa anayatazama malori.

Baadaye nilipekua simuni nione wenzetu wanafanyaje. Kule Marekani kuna muziki unaitwa bluegrass, uliopata jina lake kutokana na Blue Grass Boys, bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, aliyefariki mwaka 1996. Huyu alipiga mandolini, kigitaa kidogo chenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Wapigaji wa muziki huo nao wana nyimbo zao za lazima. Mtu akishazijua, anaweza kuketi na watu asiowafahamu hata majina, mmoja akataja wimbo, wakaanza wote. Nilicheka peke yangu. Kumbe mjomba wa Mikese na wazee wa Kentucky wana akili moja: wimbo wa lazima ni ule ambao mwenzako ataudaka katikati.

Sasa sikia kosa langu. "Shida" niliupata ndani ya mwezi: kodi, ridhimu, na majibu ya gitaa. Mjomba akasema inatosha, tuendelee na wa tano. Mimi nikakataa. Bado nilikuwa na kidonda cha ile harusi, nikataka solo ilie kama ilivyo kwenye santuri, noti kwa noti. Nikakaa nayo miezi mitatu. Kila jioni mjomba anauliza, "Tayari?" Najibu, "Bado kidogo mjomba."

Siku niliyokubali ndipo nikajua wa tano ni wimbo gani. Ulikuwa wake. Aliutunga mwaka 1976, bendi ikaupiga ukumbini miezi kadhaa, watu wakaupenda. Enzi zile bendi ikitaka wimbo wake usikike nchini ilikwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi. Wimbo ambao haukufika huko uliishia ukumbini. Bendi yao ilivunjika kabla ya safari. Zaidi ya miaka 40 wimbo ulikuwa unaishi kichwani mwa mtu mmoja.

"Salum Abdallah aliondoka 1965, ajali ya gari," alisema jioni ile. "Mbaraka, Januari 1979, ajali ya gari huko Kenya. Wao waliacha santuri. Mimi nina wewe."

Ulikuwa na beti tatu. Ya kwanza na ya pili alinifundisha siku nne, na nikazirekodi kwenye simu, sauti yake ikiwa imechanganyika na honi za malori. Ya tatu alisema kesho, koo limekauka.

Alfajiri mkaza mjomba alinigongea mlango. Kiharusi cha pili. Mjomba aliishi miezi mitano zaidi, akatutoka mwaka 2021, lakini maneno hayakurudi. Niliketi kando ya kitanda nikampigia ule wimbo, nikifika ubeti wa tatu napunguza, nangoja. Mdomo ulikuwa unacheza. Sauti haikutoka. Mara moja aliinua mkono wa kulia, akaushusha kwenye nyuzi, akapiga ridhimu mpaka mwisho.

Ile miezi mitatu ya solo bado naihesabu. Leo naipiga safi kabisa, hata wewe ukinisikia utasema kijana ni bomba. Lakini solo ya Mbaraka iko kwenye kila simu nchini, haikuwa na haraka na mimi. Aliyekuwa na haraka ni mzee wangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza gitaa, au kinanda, au ngoma, orodha ndefu chana. Chukua wimbo wa kukufundisha vidole, wa kukufundisha mkono wa mapigo, wa kukufundisha kukaa peke yako, na wa kukufundisha kumsikiliza mwenzako. Lakini kabla ya hiyo minne nenda kwa mjomba, kwa bibi, kwa jirani yule mzee anayepiga mluzi akichota maji. Muulize ana wimbo gani ambao haupo popote. Anza na huo, hata kama vidole bado vinauma.

Mwezi uliopita nilimpigia mama wimbo wa kaka yake kwa mara ya kwanza. Beti mbili niliimba, na palipo pa ubeti wa tatu nikapiga ridhimu tu, kama tulivyoagana na mjomba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Hapo katikati," akasema, "palikuwa na maneno."

"Najua, mama."

"Nilikuwa dukani kwa santuri... hapana, ilikuwa ukumbini. Ngoja. Nipigie tena."

Nikampigia tena.