Siku ya Posho ya Mvula

Kwetu Kolwezi mvula inaanza mwezi wa kumi na kutuaga mwezi wa ine. Katika miezi hiyo kila mama wa nyumba anajua kusoma wingu kuliko radio. Bibi yangu akitazama juu na kuanza kuanua nguo, mimi sibishane naye, hata kama jua lingali linawaka.

Siku ya Posho moja ya mwezi wa kwanza alianua nguo mbele ya saa mbili asubuhi. Nilikuwa na safari ine za kufanya: kupeleka mahindi ku mashini, kununua mfuko wa makala, kuchukua viatu vya kifunga mimba wetu kwa fundi, na kusalimia mama mmoja wa kanisa aliyezaa juzi. Nilianza na mahindi, maana radi ikipiga, umeme unaenda, na umeme ukienda mashini inasimama. Wenye kuchelewa watakula bukari ya nani? Tulikuwa watu kumi na mbili ku mstari, na kila mmoja alitazama juu mara kwa mara. Unga wangu ulimwagika katika mfuko wakati matone ya kwanza yalianza kupiga malata. Makala niliyabeba ku kinga, nimeyafunika na koti langu. Mtu akilowana anakauka upesi, lakini makala yakilowana mama atapuliza mbabula mpaka machozi. Viatu vilibaki kwa fundi. Kwa mzazi nilifika nikichuruzika maji, wakanipa kiti karibu na mlango, na sikukaa sana.

Nyumbani kazi zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Malata yetu ni ya zamani, tunajua kila tundu kwa jina. Beseni moja ku chumba cha watoto, sufuria mbili ku salon, kopo la maziwa juu ya kabati. Nje watoto walipanga ndoo na mapipa chini ya malata, na walifanya hivyo kwa furaha, maana siku ya mvula kubwa hakuna anayetumwa ku bomba. Mimi na mwana wetu wa kwanza tulichukua majembe tukafungua mfereji kuzunguka nyumba, ili maji ya barabara yasiingie lupangu. Radi ilipokaribia bibi yangu aliita kwa sauti kubwa, tukaacha majembe na kuingia. Televizyo tulikuwa tumekwisha kuichomoa. Ndugu, usingoje umeme kukatika ili uchomoe. Radi moja inaweza kupita ku waya na kuunguza vyote.

Saa tisa radi ilihamia mbali, mvula ikabaki ya kunyunyiza tu, na umeme ukarudi. Kifunga mimba alinikumbusha ahadi. Nilikuwa na flashi ndogo ambayo kijana mmoja wa karibu na soko alinijazia katuni, zile watoto wanaita desen anime, na nilimwomba za zamani tu. Kabla sijamaliza kuunga waya, watoto wa majirani walikuwa wamejaa. Nilihesabu jozi kumi na tatu za kambambili ku mlango, zote na matope.

Kuna ndugu wanaosema katuni ni kupoteza wakati. Sikubali nao. Mtoto anayecheka ndani ya nyumba yangu, ninajua yuko wapi.

Tuliangalia Tom na Jerry, yule paka na yule panya. Waliotengeneza ni Wamarekani wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Filme ya kwanza ilitoka mwaka wa 1940, na ndani yake paka alikuwa bado kuitwa Tom, alikuwa Jasper. Mpaka 1958 walikuwa wametengeneza 114, na saba kati yake zilipata Oscar. Niliwaambia watoto kwamba sekunde moja ya filme inapitisha picha 24, na kwamba wakati ule kila mchoro ulifanywa kwa mkono na kupakwa rangi kwa mkono. Hawakuamini. Mmoja alisema: “Baba Pasta, mukono ingevunjika!” Niliwaambia pia kama kazi hii hata Mkongomani anaijua: Jean-Michel Kibushi alitoa Muana Mboka mwaka wa 1999, juu ya mtoto wa barabara wa Kinshasa. Lakini hapo walikuwa wamechoka na masomo yangu, walitaka paka.

Ninachopenda katika filme hizi ni kwamba karibu hawasemi. Muziki ndio unasema. Ku salon yangu siku ile kulikuwa watoto wa Kisanga, wa Kiluba, wa Kichokwe na wa Kikasai, na kifunga mimba asiyejua bado kusoma, na baba yangu mzee wa miaka 78 asiyesikia vizuri sikio la kuume. Wote walicheka wakati mmoja, bila mtu kumtafsiria mwenzake.

Mmoja tu hakucheka sana. Ni kijana wa jirani, wa miaka 13, mwembamba. Siku za Posho yeye haonekanake huku kwetu. Anaenda na kaka zake ku shimo, kule bakrezeri wanachimba kwa mkono. Zamani alikuwa anaosha tu mawe na kuyachagua, yale ya kijani na yale meusi ya kobalti. Siku hizi, sababu ni mwembamba, walianza kumshusha chini, pahali ambapo mtu mkubwa hapiti. Mvula ndiyo ilimleta ku salon yangu.

Ikafika sehemu ambapo ukuta mzima unamwangukia paka. Anabaki bapa kama karatasi, halafu anajitingisha, anaamka, anaendelea kumfukuza panya. Watoto walipiga makofi. Yule kijana akauliza, si kwa mtu fulani: “Juu ya nini yeye anaamukaka?”

Kifunga mimba akamjibu: “Njo katuni!”

“Udongo iko muzito,” akasema. “Mutu haamukake.”

Salon ilinyamaza. Paka aliendelea kukimbia peke yake. Baba yangu, ambaye nilifikiri hakusikia, akaomba tupunguze sauti.

Baba alifanya kazi ya mgodi miaka 26, chini ya ardhi. Hakumkaripia yule kijana. Alimuuliza tu maswali kama mkubwa wa kazi anavyouliza mfanyakazi. Shimo liko na urefu gani? Munashukaka namna gani? Kuko miti ya kushikilia? Kijana akajibu yote. Wanashuka kwa kuweka miguu mu matundu waliyochonga ku ukuta. Chini wanafuata mshipa wa mawe kwa kutambaa. Miti hakuna. Baba akamwonyesha kwa mikono: udongo mkavu unajishikilia, lakini mvula ikinyesha maji yanaingia ku nyufa, udongo unakuwa mzito na unateleza, na hautoi habari. Tena hautelezi wakati wa mvula tu. Unaweza kungoja siku mbili, jua limetoka, watu wamesharudi ku kazi. “Kamoto ilibomoka mwezi wa tisa 1990,” alisema, “na kule kulikuwa enjenyere, kulikuwa mashini, kulikuwa kila kitu. Ninyi muko na nini? Muko na lampe ku kichwa.”

Wengi wenu munakumbuka pia mwezi wa sita 2019, katika kiangazi kabisa, udongo ulipowafunika wachimbaji hapa Kolwezi na watu zaidi ya 40 wakafa. Sihitaji kueleza kilio cha siku zile. Wachungaji wengi wa muji huu walizika.

Jioni baba alichukua mwavuli, akaniambia twende kwa jirani. Nilifikiri mimi ndiye nitasema, lakini alinitangulia. Yule baba wa kijana alitusikiliza kwa heshima, akatupa viti, halafu akasema jambo ambalo sina jibu lake mpaka leo: “Pasta, nkambo, munasema kweli. Primere ni bure tangu 2019, lakini huyu amekwisha kutoka primere. Siku ya Kwanza watamurudisha juu ya minerval. Mimi niko bila kazi miezi nane. Munataka nifanye nini?”

Ndugu zangu, sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inakataza kazi za namna hii, ninaijua. Lakini sikuitaja. Mtu asiye na unga hauwezi kumsomea sheria.

Tulikaa mpaka giza. Mwisho baba yule alikubali kitu kimoja: kijana hatashuka chini mpaka mvula ziishe. Kuosha mawe, hilo hakulikataza. Siku ya Kwanza nilienda naye kwa mkubwa wa shule, akakubali kupokea minerval kidogo kidogo, nusu mwezi ule. Ile nusu ilitoka kwetu wote wawili. Mwezi wa ine si mbali, na sijui tutasema nini wakati ule.

Siku ya Posho iliyofuata mvula ilinyesha tena, na umeme haukuja hata dakika moja. Kijana alifika na dada yake mdogo, akauliza kama kuko katuni. Nikamwambia hakuna. Hakurudi kwao. Alikaa karibu na baba yangu akimenya karanga, akamwomba amfundishe namna ya kupanga miti mu shimo. Baba alikataa. Alipasua karatasi ya mfuko wa simenti, akaokota kipande cha makala ku mbabula, akampa achore paka. Mkia ulitoka mrefu kupita mwili.