Muhogo na kiazi kitamu

Tazameni shamba la kijijini. Upande mmoja kuna mihogo, upande wa pili viazi vitamu. Mimea hii miwili ilitoka Amerika zamani. Yote miwili tunaipanda kwa vipande vya shina, na chakula chake kimo ndani ya udongo. Ukikata jani, utaona maziwa meupe. Je, ni ndugu?

Hapana. Wenye elimu ya mimea hutazama kwanza maua na matunda. Ua la kiazi kitamu ni kama tarumbeta ndogo ya zambarau au nyeupe, na ndani yake dume na jike wako pamoja. Ua la muhogo ni dogo, watu wengi hupita bila kuliona. Maua ya kiume na ya kike yako mbalimbali juu ya mti mmoja. Tunda lake lina vyumba 3, na kila chumba kina mbegu 1. Sasa fungua tunda la mbarika: vyumba 3 vilevile! Ndugu wa muhogo ni mbarika, na mti wa mpira pia.

Tena, zika kiazi kitamu kizima: kitachipuka. Zika muhogo: utaoza tu, kwani macho yake yako kwenye shina.

Kiazi kitamu huchimbwa asubuhi na kuliwa adhuhuri. Lakini muhogo mchungu una sumu. Humenywa, hulowekwa majini siku 3 au zaidi mpaka ulainike, kisha huanikwa juani, ndipo hutwangwa kuwa unga wa bugali. Sombe nayo hutwangwa na kuchemshwa sana. Matembele hayana kazi hiyo.

Wakati wa njaa, au wakitaka kuuza upesi, wengine huloweka siku 1 tu. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa watu wa Kwango. Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto aliyekuwa akikimbia hukazika miguu kwa ghafula, wala haiponi. Konzo ingali iko Kongo hata leo, hasa kwa watoto na wanawake, mahali ambapo watu hula muhogo mchungu kila siku bila maharagi wala samaki.

Mwenye viazi vitamu shambani ana kitu cha kupika wakati muhogo ungali majini.